Nani Alituchagulia Vya Kusoma?
Historia fupi ya elimu na marufuku katika Nyanda za Juu za Kusini

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya historia ya elimu katika mikoa yetu, akaniachia nichague upande nitakaoushika. Nimechagua upande ambao hauandikwi sana, yaani historia ya yale ambayo wanafunzi hawakuruhusiwa kuyasoma, kuyasikia au kuyasema, na ya watu waliotoa amri hizo.

Nilipokuwa Chuo Kikuu pale Mlimani nilifundishwa na mwalimu mmoja wa sosholojia ambaye hakupenda tulaumu wala tusifu kitu kabla hatujajibu maswali yake matatu. Akipewa kitabu, gazeti, mtaala, hata wimbo wa mchakamchaka, aliuliza: Nani amechagua? Amechagua kwa ajili ya nani? Na yule aliyechaguliwa anaweza kujibu wapi? Alisema kwamba hakuna jamii isiyochuja yale inayowapa watoto wake. Mama huchuja, kanisa na msikiti huchuja, na serikali huchuja. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kumekuwa na kuchuja. Yapasa kuuliza jinsi kulivyofanyika. Maswali hayo matatu ndiyo nitakayoyatumia hapa, nikianzia Malangali na kuishia siku zetu.

MALANGALI, 1928

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoichukua Tanganyika, walijiuliza Mwafrika afundishwe nini. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilitembelea Afrika ya Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja mashuhuri, Dakta James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: kilimo, afya, kazi za mikono na maisha ya kijijini. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza nayo ikatoa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika yenye mwelekeo huohuo. Mwaka huohuo Sir Donald Cameron aliingia kuwa Gavana wa Tanganyika, akaanzisha utawala wa kupitia kwa machifu. Mambo hayo mawili, elimu ya mazingira na utawala wa machifu, yalikutana katika shule moja ya nyanda zetu.

Shule hiyo ni Malangali, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Ilifunguliwa mwaka 1928 ikiwa shule ya serikali, na kiongozi wake alikuwa Mwingereza aitwaye W. Bryant Mumford. Bwana huyu alikuwa amesoma mambo ya jamii, na aliandika habari za shule yake katika jarida la wataalamu liitwalo Africa, mwaka 1929 na tena 1930. Aliamini kwamba shule za kawaida zilimng'oa mtoto wa Kiafrika katika jamii yake na kumfanya mtu wa kuiga tu. Basi Malangali aliipanga kwa namna nyingine. Wanafunzi waliishi kwa kufuata makabila yao na kuvaa mavazi ya jadi badala ya kaptula na shati. Wazee waliitwa shuleni wafundishe historia na desturi. Ngoma na kutupa mkuki vilipewa nafasi yake, na ng'ombe walichungwa kama nyumbani. Masomo ya kusoma, kuandika na hesabu yaliendelea kando ya hayo.

Ukiyasoma hayo leo unaweza kumsifu Mumford, na kweli anastahili sifa kiasi. Wakati Wazungu wengi waliziona mila zetu kuwa ushenzi mtupu, yeye aliwaweka wazee wetu mbele ya darasa na kuwaita walimu. Sisi wenyewe, baada ya Uhuru, tuliunda Wizara ya Utamaduni kwa sababu zinazofanana na hizo.

Lakini tuyalete yale maswali matatu. Nani alichagua? Alichagua Mumford, pamoja na Idara ya Elimu. Yeye ndiye aliyeamua desturi ipi ni ya kweli na ipi si ya kweli. Kijana wa Kihehe au wa Kibena wa mwaka 1928 hakuwa mtu wa kale. Baba yake huenda alibeba mizigo ya majeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, na ndugu zake walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Misheni zilikuwa zimekwisha kukaa nchini kwa miaka thelathini na zaidi: Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na Wabenediktini walijenga Tosamaganga kabla ya karne kwisha. Kijana huyo alikwisha kuona kitabu, shati na baiskeli. Kumvua shati na kumwambia kwamba hivi ndivyo alivyo hasa, kulikuwa ni kumchagulia nafsi yake.

Tena tukumbuke kwamba ilikuwa miaka 30 tu tangu Mtwa Mkwawa alipojiua mwaka 1898 kuliko kuanguka mikononi mwa Wajerumani. Wazee walioiona vita ya Lugalo ya Agosti 1891, ambapo kikosi cha von Zelewski kilifyekwa, walikuwa bado hai. Ndani ya shule ya serikali mkuki ulirudi ukiwa mchezo. Kichwa cha Mkwawa kilikuwa bado ng'ambo, ingawa kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Kilirudishwa Kalenga Juni 1954, na aliyekileta ni Gavana Twining mwenyewe.

Alichagua kwa ajili ya nani? Hapa ndipo mambo yaliposhindikana. Waafrika wengi waliitazama elimu ya namna hii kwa mashaka. Waliona kwamba wale waliopewa ukarani, ualimu na uganga ni wale waliojua Kiingereza na hesabu, wala si wale waliojua kutupa mkuki. Mzazi aliyetoa mtoto wake mwenye nguvu za kuchunga na kulima alitaka shule impe kile ambacho nyumbani hakipatikani. Ngoma aliijua. Miaka michache baadaye Mumford aliondoka, na Malangali ikafuata njia ya shule nyingine. Yeye alifundisha baadaye katika Chuo cha Elimu cha London, akiwaandaa watu wa kwenda makoloni.

Na yule aliyechaguliwa aliweza kujibu wapi? Hakuwa na mahali. Wazee waliitwa kufundisha, hawakuitwa kuamua. Tofauti hiyo ni kubwa, na twaweza kuiona vizuri tukitazama kusini zaidi. Mwaka 1953 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu, nayo ilizungumza habari za mila na mazingira ya Mwafrika kwa maneno yanayokaribiana na yale ya miaka ya 1920. Mumford alikuwa na moyo mwema, na Verwoerd hakuwa nao. Lakini kwa mtoto aliyekaa darasani, mlango uliofungwa kwa wema na ule uliofungwa kwa chuki yote miwili haipitiki.

KAMATI NA GAZETI

Wakati Malangali inaanza, kuchuja kwa namna nyingine kulikuwa kunaanza pia, ambako sisi wasomi wa Kiswahili tunakufaidi hadi leo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, na Frederick Johnson akawa katibu wake. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuvipitia vitabu vya Kiswahili kabla havijatumiwa shuleni na kuvipa kibali.

Kibali hicho kilitupa lugha moja, ambayo mtoto wa Tukuyu na wa Tanga wanaweza kuandikiana barua. Faida hiyo hainunuliki. Lakini kibali hichohicho kiliwaacha nje waandishi ambao Kiswahili chao hakikulingana na kipimo, na kwa miaka mingi wapimaji walikuwa wageni. Gazeti lililosomwa zaidi shuleni, Mambo Leo, lilianzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu yenyewe. Wasomaji walilipenda sana, wakaliletea mashairi na barua kwa wingi. Hata hivyo lilikuwa gazeti la serikali, na mhariri alijua mpaka wake uko wapi. Mwafrika alipotaka gazeti lake mwenyewe ilimbidi alianzishe mwenyewe, kama alivyofanya Erica Fiah alipotoa Kwetu pale Dar es Salaam mwaka 1937.

WARAKA, GEREZA NA HOTELI YA MBEYA

Mimi ni mtumishi wa umma, na waraka ni kitu ninachokijua. Karatasi moja yenye namba ya kumbukumbu na sahihi yaweza kunyamazisha watu wengi kuliko kikosi cha askari, maana askari huonekana. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Waafrika waliosoma wakati huo, wengi wao walikuwa watumishi wa serikali: walimu, makarani, waganga na mabwana shamba. Kwa hiyo waraka huo uliwafunga mdomo karibu wote waliokuwa na uwezo wa kuandika.

TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, walimu wengi wa nyanda zetu, kama wenzao wa nchi nzima, walikuwa na mambo mawili ya kuchagua: mshahara au kadi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, shule ya misheni, naye aliwekwa njia panda. Machi 1955 aliacha kazi. Wengi hawakuweza kufanya hivyo, wala hatuna haki ya kuwalaumu, kwa sababu mshahara wa mwalimu mmoja ulisomesha ukoo mzima.

Mwaka 1958 mambo yalizidi. Nyerere alishtakiwa kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili, akatozwa faini ya Sh. 3,000. Mwaka huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Miaka mitatu tu baadaye nchi ikawa huru, na maneno yaliyowapeleka watu hao kizimbani yakawa masomo ya shule. Wanafunzi mnaosoma historia yafikirini hayo: neno lilelile lilikuwa uchochezi mwaka 1958, na baada ya Uhuru likawa swali la mtihani.

Mbeya nayo ina sehemu yake katika habari hii. Januari 1962, mwezi mmoja baada ya Uhuru wetu, Nelson Mandela alitoroka kwao akipitia Bechuanaland, akashuka Mbeya kwa ndege ndogo. Kwao alikuwa mtu aliyewindwa na polisi. Katika hoteli ya Mbeya aliwakuta watu weusi na weupe wamekaa ukumbi mmoja wakizungumza, akapokewa na mbunge wetu John Mwakangale. Mandela mwenyewe ameandika kwamba siku hiyo alijiona huru kwa mara ya kwanza maishani mwake. Baadaye alirudi kwao akakamatwa, na kwa miaka mingi, hadi alipofunguliwa Februari 1990, maneno yake na hata picha yake vilikatazwa kuchapishwa Afrika Kusini. Kumbukumbu zake aliziandika gerezani kwa siri, zikatoroshwa na mfungwa mwenzake mwaka 1976, na mwaka 1994 zikatoka kitabu. Ndani ya kitabu hicho imo Mbeya. Makaburu walikuwa na sheria, magereza na mitambo ya kila namna, na bado hawakuweza kuzuia sura moja isitufikie.

ISIMANI, 1971

Sasa tuje kwetu wenyewe baada ya Uhuru, maana historia inayowasema wakoloni tu ni rahisi mno.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alidai kwamba shule zetu zimjenge kijana mwenye akili ya kuhoji, anayeweza kujifunza kwa wengine na kukataa yasiyomfaa, na anayejiamini. Naye alionyesha mfano. Alikuwa amekwisha kutafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ikatolewa mwaka 1963, akaisahihisha tena mwaka 1969. Tamthilia hiyo yahusu kuuawa kwa mtawala kwa mikono ya rafiki zake. Rais mwenyewe, tena mwenye jina hilohilo la Julius, aliwapa vijana habari hiyo kwa Kiswahili waisome. Kisha, Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo, uliowakataza viongozi kuwa wajeuri kwa wananchi na kuwapa wananchi nguvu ya kuwahoji.

Desemba 25 ya mwaka huohuo, huko Isimani kaskazini ya mji wa Iringa, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alimkuta mkulima Said Mwamwindi shambani. Ilikuwa wakati wa kampeni kali ya vijiji vya ujamaa, na Isimani ilikuwa nchi ya wakulima wa mahindi waliojipatia mashamba makubwa na matrekta. Wakabishana. Mwamwindi akampiga risasi Dakta Klerruu akafa, kisha yeye mwenyewe akauchukua mwili na kuupeleka polisi Iringa. Alishtakiwa Mahakama Kuu, akahukumiwa kifo na kunyongwa.

Mauaji ni mauaji, na mimi simtetei muuaji. Dakta Klerruu alikuwa mtu msomi aliyeamini kazi yake, na chuo cha ualimu mjini Iringa kinaitwa kwa jina lake, jambo linalomstahili. Lakini kwa miaka mingi mauaji hayo yalikuwa na maelezo ya aina moja tu hadharani: kiongozi shujaa na kabaila katili. Maelezo mengine, ya mkulima aliyeona shamba lake likichukuliwa, yalisemwa sebuleni kwa sauti ya chini. Walimu waliotoka chuo chenye jina la Klerruu wamefundisha watoto wa Isimani. Fikirini darasa la namna hiyo, ambamo mwalimu anajua habari moja, mwanafunzi ameisikia nyingine kwa babu yake, na wote wawili wananyamaza. Hapo hapakuhitajika waraka wala mhuri. Kila mtu alijichuja mwenyewe.

Aliyethubutu kulileta jambo linalofanana na hilo mezani hakuwa mwalimu wa historia wala wa siasa. Alikuwa mtunzi wa riwaya. Mwaka 1975 Euphrase Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo, ambamo tajiri Tumaini anamuua mkuu wa wilaya baada ya mashamba yake kuchukuliwa. Wasomaji wengi na wahakiki wameiona Isimani ndani ya riwaya hiyo. Kezilahabi hakumtakasa Tumaini, ambaye ni mtu mwenye makosa mengi. Alichofanya ni kumpa akili na moyo, ili msomaji aweze kujiuliza ilikuwaje mambo yakafika hapo. Swali hilo ndilo somo la sosholojia hasa.

ROSA MISTIKA

Kezilahabi huyo, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alikuwa mwenyewe amefundisha sekondari kabla ya kurudi Chuo Kikuu. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, mwaka uleule wa Isimani. Haikukaa sana ikapigwa marufuku mashuleni. Ilisemekana kwamba inaharibu maadili ya vijana, kwa kuwa inasema wazi habari za mapenzi, mimba na walimu wanaowatumia wanafunzi wao.

Wasioijua wapate muhtasari. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Baba anamlinda kwa fimbo. Barua ya mvulana inamletea kipigo, na kuzungumza na mwanamume ni kosa. Rosa anakua bila kujifunza jinsi ya kusema na wanaume, jinsi ya kukataa wala jinsi ya kupima maneno yao. Siku anapokuwa mbali na fimbo ya baba yake, shuleni na kisha katika chuo cha ualimu, ukuta haupo tena, na ndani ya nafsi yake hakuna kilichojengwa badala ya ukuta huo. Anaanguka, na mwisho wake ni mauti.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Kitabu chote kinaonya kwamba mtoto aliyezuiwa kujua hajalindwa. Wakubwa wakakisoma, wakaamua kuwalinda wasichana kwa kuwazuia wasikisome. Walifanya yaleyale aliyoyafanya Zakaria. Na matokeo yalikuwa yaleyale: kitabu kilisomwa bwenini kwa siri, kimefunikwa kwa jalada la daftari, na msomaji hakuwa na mwalimu wa kumwuliza. Sura ambayo ingejadiliwa darasani kwa heshima ilichekewa gizani. Walimu wachache waovu wa namna inayoelezwa mle ndani ndio waliopata nafuu, kwa sababu mwanafunzi alikosa maneno ya kuwataja.

Miaka ilipopita marufuku iliondoka, na Rosa Mistika ikawa kitabu cha kufundishia fasihi. Kezilahabi alipofariki Januari 2020 aliombolezwa kuwa mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Kiswahili. Hakuna aliyesimama kueleza kwa nini kilichokuwa sumu kimegeuka kuwa somo, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko marufuku yenyewe. Aliyekataza hakutoa sababu inayoweza kujibiwa, na aliyeruhusu hakutoa hesabu.

TUFANYEJE?

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya kale. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilidumu miaka 40, hadi ilipokuja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ingawa Tume ya Jaji Nyalali ilikwisha kuitaja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilitangaza vitabu 16 visivyotakiwa kuonekana shuleni, vikiwamo vile vya Mmarekani Jeff Kinney vinavyopendwa sana na watoto. Sababu iliyotolewa ni kwamba vinakwenda kinyume cha mila na maadili yetu.

Mimi sisemi kwamba kila kitabu kifae kila mtoto. Nina watoto nyumbani, na kuna vitu nisingependa wavione katika umri wao. Kanisa Katoliki lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa kwa karne nne, likaiacha mwaka 1966, wala halikuacha kuwa na maoni juu ya vitabu. Serikali yenye shule ina wajibu wa kuchagua, na mtaala wenyewe ni uchaguzi. Kwa haki, tangazo la 2023 lilikuwa na jambo moja jema: orodha ilisomwa hadharani, kila kitabu kwa jina lake, na sababu ikatajwa. Hiyo ni hatua mbele ya zile siku ambazo kitabu kilitoweka rafuni bila neno. Kilichobaki ni lile swali la tatu la mwalimu wangu. Mzazi, mwalimu au mwanafunzi asiyekubali ajibu wapi? Na lini uamuzi utatazamwa upya?

Historia ya nyanda zetu yatuonyesha kwamba aliyekosa mahali pa kujibu hutafuta njia ya pembeni. Wazazi wa miaka ya 1920 walijibu kwa kuishuku shule. Walimu wa 1953 walijibu kwa kutoa michango ya siri, na mmoja wao kwa kuacha kazi. Wanafunzi wa Rosa Mistika walijibu kwa tochi na shuka. Isimani walijibu kwa minong'ono ambayo haijesha mpaka leo. Hakuna hata mahali pamoja ambapo kukataza kulimaliza jambo lenyewe.

Wadogo zetu, ninyi mnazo simu, na ndani yake mna kila kitu, kizuri na kibaya, kweli na uongo. Hakuna waraka utakaowalinda na hayo yote. Ulinzi wenu ni ile akili ya kuhoji iliyodaiwa mwaka 1967. Mkikuta kitu kimekatazwa, ulizeni sababu kwa adabu. Mkikuta kitu kimeruhusiwa, ulizeni sababu vilevile, maana nacho kimechaguliwa na mtu.

Ninyi nanyi walimu, kazi yenu ni ngumu, na najua hofu ya mwalimu anayeogopa kuonekana amevuka mpaka. Lakini swali la mwanafunzi lililokosa nafasi darasani halifi. Litakwenda kutafuta jibu kwa mtu mwingine, na huenda mtu huyo hamtakii mema.

Kwetu sisi tuliomaliza, napendekeza jambo dogo ambalo Kamati ya Mkutano wetu yaweza kulijadili. Kila mmoja wetu alete kitabu kimoja kwa maktaba ya shule, kitabu anachodhani kilimkomaza. Mkuu wa Shule na walimu wawe na haki kamili ya kukikataa. Ila liwepo daftari moja mezani kwa mkutubi, wazi kwa kila mtu, ambamo kila kitabu kilichokataliwa kitaandikwa jina lake, sababu yake, jina la aliyekataa na tarehe. Ukurasa wa mkono wa kulia uachwe mtupu, ili asiyekubaliana aandike hoja yake na kutia sahihi. Gharama ya daftari hilo nitailipa mimi.